Imla, Hatamu na Milki: Uhakiki wa Istilahi za Tawala Zisizo za Kidemokrasia katika Nadharia na katika Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna nadharia ya tawala zisizo za kidemokrasia, hasa ile iliyoasisiwa na Juan Linz, inavyoingizwa katika Kiswahili kwa neno moja la udikteta na visawe vyake. Yanadai kwamba lugha tayari ina sitiari tatu, yaani imla, hatamu na milki, zinazobeba tofauti ambazo nadharia inazitafuta. Sitiari hizo zinapimwa kwa tamthilia, riwaya na diwani kutoka Kenya na Tanzania, na kwa historia ya kisiasa ya ukanda huu. Upimaji huo unafichua pia udhaifu wa nadharia yenyewe.

Neno moja kwa mambo matatu

Mwaka 1964 Juan Linz, mwanasosholojia wa Kihispania aliyekuja kufundisha Yale kwa miaka mingi, alichapisha insha kuhusu utawala wa Francisco Franco. Fikra iliyotawala wakati huo iliugawa ulimwengu katika mafungu mawili. Upande mmoja palikuwa na demokrasia. Upande wa pili palikuwa na tawala zilizoelezwa na Carl Friedrich na Zbigniew Brzezinski mwaka 1956, zenye itikadi moja, chama kimoja, polisi wa siri, na dola inayodhibiti habari, silaha na uchumi. Hispania ya Franco haikuingia katika fungu lolote. Haikuwa demokrasia, lakini Kanisa, jeshi, wafanyabiashara na wafuasi wa ufalme waliendelea kuvutana ndani yake, na raia hakutakiwa kuamini jambo fulani. Alitakiwa tu kukaa kimya. Linz aliipa aina hiyo ya tatu nafasi yake. Katika kazi yake ndefu ya mwaka 1975 aliongeza aina nyingine, ambayo yeye na Houchang Chehabi waliitolea kitabu kizima mwaka 1998: utawala ambamo mtu mmoja anaiendesha nchi kama mali yake, bila itikadi na bila kanuni zinazomfunga hata yeye mwenyewe.

Mtafsiri wa Kiswahili akikutana na aina hizi tatu, mara nyingi huzipokea kwa kapu moja. Udikteta, uimla, utawala wa kiimla na utawala wa mabavu hutumika kwa kupokezana ndani ya aya moja, kana kwamba tofauti yake ni ya ladha tu. Mwandishi hubadilisha neno ili asijirudie, na msomaji hana njia ya kujua kama kilichobadilika ni neno au ni jambo.

Hasara yake si ya kitaaluma peke yake. Mshauri wa sera anayeambiwa kwamba Zaire ya Mobutu, Tanzania ya chama kimoja na Kenya ya miaka ya 1980 zote zilikuwa udikteta atatarajia kwamba zilikufa kifo kimoja. Hazikufa hivyo. Julius Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985, na chama kikabaki pale pale kilipokuwa. Jomo Kenyatta alifariki Agosti 1978, na mrithi wake akaikuta nchi imeandaliwa kuongozwa kwa njia ile ile, hata akaahidi kufuata nyayo. Mobutu alipokimbia Mei 1997, jeshi lake lilisambaratika pamoja naye. Mwaka uliofuata vita vikubwa zaidi vikazuka, na Januari 2001 Laurent Kabila alipouawa, nchi ikapewa mwanawe. Hapo kiongozi kuondoka kuna maana tatu tofauti, na neno moja haliwezi kuzibeba zote.

Zoezi la darasani

Imla ni neno ambalo mtoto wa shule huliogopa kabla hajalielewa. Mwalimu anasoma, darasa linaandika. Anayekosea herufi anaadhibiwa, na anayeongeza neno lake mwenyewe amekosea vilevile. Asili yake ni Kiarabu, na kwa bahati inayopendeza, dikteta nalo linatoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana iyo hiyo ya kumtajia mtu maneno ayaandike. (Dikteta wa Roma ya kale, kwa desturi, alipewa muda usiozidi miezi sita. Katiba zilizorekebishwa katika ukanda huu kuondoa au kulegeza ukomo wa uongozi, Uganda mwaka 2005 na 2017 na Rwanda mwaka 2015, zingemshangaza.)

Kwa hiyo uimla ni neno zuri, ila kwa jambo moja tu. Linafaa utawala unaotaka kila mdomo utamke maneno yake na kila mkono uyaandike, unaomwona mtu aliyenyamaza kuwa na kosa sawa na aliyepinga. Ndio utawala wa Friedrich na Brzezinski. Kuliita Afrika Mashariki yote ya chama kimoja kwa jina hilo ni kudai kwamba wananchi wake waliandika imla kwa miaka thelathini, dai ambalo kumbukumbu za uchaguzi na za fasihi zinalikanusha.

Ushahidi mzuri zaidi ni wa Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 aliandika kijikaratasi kilichouliza Kenya inakwenda wapi, akafungwa hadi mwaka 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa Nairobi mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 diwani hiyo ikapata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Katika utawala wa imla jambo hili halielezeki. Katika utawala wa Linz, ambao huacha nafasi fulani kwa taasisi fulani na kuziba nyingine, linaelezeka bila shida: kijikaratasi kilielekea kwa wapigakura, lakini diwani ilielekea kwa wasomaji, na kila upande ulikuwa na mpaka wake.

Hatamu

Hatamu ni kamba au ukanda unaofungwa kichwani mwa mnyama ili apandaye amwongoze. Mwaka 1975 katiba ya Tanzania ilirekebishwa ili kutamka ukuu wa chama, na Kiswahili cha siasa kikalipa jambo hilo jina lililodumu: chama kushika hatamu. Walioliasisi walikusudia sifa. Hata hivyo, bila kukusudia, waliufafanua utawala wa aina ya pili ya Linz kwa usahihi ambao tafsiri nyingi za kitaalamu hazijaufikia.

Mpanda farasi haamui kila hatua ya farasi. Mnyama anachagua pa kuweka kwato, anaweza kula nyasi kandokando ya njia, anaweza hata kusitasita. Asichoweza ni kuchagua anakokwenda. Uchaguzi wa Tanzania Bara wa mwaka 1965 ulikuwa hivyo. Katika majimbo mengi wagombea wawili walisimama, wote wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na wapigakura wakawaangusha wabunge waliokuwapo, mawaziri wakiwamo. Ushindani ule haukuwa wa maigizo, na mwelekeo haukuwa kwenye karatasi ya kura. Maneno yote mawili ni kweli, na nadharia ya Linz ina thamani kwa sababu inaruhusu yasemwe pamoja.

Kenya ilishika hatamu kwa mkono mwingine. Kifungu cha 2A kiliingizwa katika katiba mwaka 1982 na kuifanya KANU chama pekee kisheria hadi Desemba 1991. Mwaka 1988 wanachama walipanga foleni nyuma ya wagombea katika uteuzi, na aliyezidi asilimia 70 alihesabiwa amekwisha kuchaguliwa. Mlolongo, neno walilolitoa Wakenya kwa utaratibu huo, ni istilahi kamili ya sayansi ya siasa: ndani yake mna foleni, macho ya chifu yanayoiangalia, na hesabu inayoweza kutangazwa kinyume cha kile kila mtu alichokiona kwa macho yake. Kupita bila kupingwa ni istilahi ya namna hiyo hiyo. Imevuka mfumo wa chama kimoja na ingali hai: katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Tanzania wa Novemba 2019, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa na vyama vyao vikubwa kujitoa, chama tawala kilichukua karibu viti vyote, vingi vyao kwa mtindo huo. Steven Levitsky na Lucan Way, walioeneza tangu mwaka 2002 dhana ya utawala unaoruhusu ushindani huku ukiupinda, wanazihesabu Kenya na Tanzania miongoni mwa mifano yao. Wanachokieleza kwa kurasa nyingi ni hatamu iliyorefushwa.

Pingamizi moja linastahili kusikilizwa. Hatamu ni neno la aliyepanda. Linaificha mijeledi, na linamchukulia mwananchi kuwa mnyama anayehitaji kuongozwa. Pingamizi hili ni zito, na ndiyo sababu neno hilo lisitumike kama lilivyotumiwa majukwaani, bali lihamishwe makusudi kutoka kwenye sifa hadi kwenye uchambuzi. Euphrase Kezilahabi aliwahi kulifanya jambo linalokaribiana na hilo. Gamba la Nyoka, riwaya ya mwaka 1979, inaiangalia operesheni ya vijiji vya ujamaa kutoka chini, kwa macho ya wanaohamishwa na ya vijana wasomi wanaotumwa kuwahamisha. Hakuna dikteta katika riwaya hiyo. Kuna mikutano, kuna makada, kuna malori, na kuna lugha ya heri inayotumika kufanya jambo ambalo wenyeji hawakuliomba. Msomaji anayetafuta mkosaji mmoja hampati, na kumkosa huko ndiko kuielewa riwaya. Hatima ya Kaptula la Marx ya mwandishi huyo huyo inaongeza ushahidi kutoka nje ya matini: tamthilia ile ya kejeli iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ikajulikana kwa wachache, na kuchapishwa mwaka 1999, baada ya vyama vingi kurejea.

Milki, na tatizo la Sultani

Aina ya tatu ndiyo yenye mtego. Linz aliipa jina lililotokana na Sultani, akilichota kwa Max Weber, ambaye katika kazi iliyochapishwa baada ya kifo chake mwaka 1922 alitumia usultani kuuelezea utawala wa kurithi unaoendeshwa kwa hiari ya mtawala peke yake. Weber alikuwa akiutazama Mashariki kutoka Ujerumani. Linz na Chehabi, kwa upande wao, walikusanya akina Trujillo, Batista, Somoza, Duvalier na Marcos, watu wasio na uhusiano wowote na usultani, pamoja na Shah wa Iran, aliyeitwa kwa cheo kingine.

Kwa msomaji wa Kihispania au Kiingereza sultani ni picha ya kitabuni. Kwa msomaji wa Kiswahili ni mtu aliyekaa Unguja. Utawala wa kisultani, kama tafsiri sisisi ilivyo, utamfikisha moja kwa moja Forodhani, na huko utamdanganya. Zanzibar iliyopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 ilikuwa na Sultani wa kikatiba, Waziri Mkuu na bunge lililochaguliwa. Ilikuwa na dhuluma zake za ardhi na za utengano, zenye mizizi ya utumwa na ya himaya ya Uingereza iliyoanza mwaka 1890, lakini haikuwa kile alichokieleza Linz. Baada ya tarehe 12 Januari 1964 Baraza la Mapinduzi lilitawala kwa amri, na Zanzibar haikuwa na chombo cha kutunga sheria kilichopigiwa kura hadi Baraza la Wawakilishi lilipoanza mwaka 1980. Mtafsiri asiye makini ataupa jina la usultani utawala usiostahili, na kuunyima ule unaokaribia zaidi sifa zake. Ataingilia pia ugomvi wa leo, kwa kuwa kauli kwamba wapinzani wanataka kumrudisha Sultani imetumika katika majukwaa ya Zanzibar tangu vyama vingi vilipoanza.

Neno linalofaa ni milki. Mtu ana milki yake, anaigawa, anairithisha, na hadaiwi maelezo kuhusu anachokitenda ndani yake. Utawala wa kimilki unaeleza Zaire bila kumtukana yeyote wa Unguja. Unaeleza pia kwa nini kuwekea vikwazo watu binafsi, na kufuatilia akaunti na majumba yao, kunaweza kuutikisa utawala wa aina hii na kusiuguse ule wa hatamu, ambamo nyumba ya kiongozi inaweza kuwa ya kawaida kabisa.

Jukwaa linampenda mtu mmoja

Hapa fasihi nayo lazima ihukumiwe. Tamthilia mbili za Kiswahili zilizosomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari nchini Kenya, Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001) na Kigogo ya Pauline Kea (2015), zote ni tamthilia za milki. Huko Butangi, Mtemi Bokono anamiliki maji, na anapotaka Mwelusi auawe humwahidi Gege, nduguye Mwelusi, binti yake Alida. Binti wa mtawala analipa deni la dola. Weber mwenyewe asingepata mfano bora wa nyumba na nchi kuwa kitu kimoja. Huko Sagamoyo, Majoka anafunga soko la Chapakazi, anaendesha kampuni yenye jina lake, na anagawa vibali vya pombe kama mtu anayegawa chumvi jikoni kwake. Kazi zote mbili zina nguvu, na uwezo wa Kithaka wa kuufanya mti wa usaliti uote ndani ya familia moja unazidi ule wa Kea, ambaye wahusika wake wa upinzani, Tunu hasa, wamepewa usafi mwingi kuliko ambao siasa humruhusu mtu kuubaki nao.

Swali si ubora wao. Swali ni kwa nini aina hii moja imeteuliwa tena na tena. Sehemu ya jibu ni jukwaa lenyewe: hatamu haina uso, na tume ya uchaguzi haiwezi kuvaa vazi na kuingia kutoka kushoto. Sehemu nyingine ni mtihani, unaopenda sifa za mhusika mbaya ziorodheshwe. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anamaliza shule akijua kwamba nchi mbaya ina mtu mbaya, na kwamba umma ukiinuka dhidi ya mtu huyo kazi imekwisha. Kenya ilibadili chama tawala mwaka 2002, na walioshika nafasi hizo wakavikuta vyeo, wakuu wa wilaya na katiba ileile hadi mwaka 2010. Hakuna tamthilia teule iliyomwandaa mwanafunzi kwa miaka hiyo minane.

Chumba cha mahojiano

Haini ya Adam Shafi, iliyochapishwa Nairobi mwaka 2003, inalazimisha marekebisho ya hoja iliyojengwa hadi hapa. Riwaya hii inatokana na yaliyofuata kuuawa kwa Abeid Karume tarehe 7 Aprili 1972. Mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini. Hamza anakamatwa, na kinachofuata ni kumtesa ili akiri. Anayehoji hatafuti habari. Maelezo yamekwisha kuwapo kichwani mwake, na kilichobaki ni mkono wa mfungwa. Ndani ya chumba kile utawala ni imla kwa maana ya darasani kabisa.

Lakini nje ya chumba, katika Muungano uleule na mwaka uleule, mkulima wa Bara alikuwa na mbunge aliyeweza kumwangusha kwa jembe au kwa nyumba. Dola moja, aina mbili za utawala, na wa tatu magerezani. Linz alisema kwamba mtawala wa aina ya pili huwa na mipaka isiyoandikwa vizuri lakini inayotabirika. Haini inauliza inatabirika na nani. Jirani wa Hamza hajui kwa nini Hamza amechukuliwa, wala kama zamu yake inakuja, na kutojua huko si kasoro ya utawala bali ni chombo chake. Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam mwenye kazi na marafiki wizarani alijua mpaka uko wapi. Aliyekuwa nje ya duara hiyo aliujua alipokwisha kuuvuka.

Hivyo uainishaji wa Linz una kasoro ambayo waliomfuata, akiwamo Barbara Geddes aliyezigawa tawala mwaka 1999 kwa chama, jeshi na mtu binafsi, hawakuiondoa. Unahesabu nchi: kila nchi, kwa kila kipindi, hupewa jina moja na kuwekwa katika safu moja ya jedwali. Fasihi ya Kiswahili inahesabu mahali, na inaonyesha hatamu ikiwa mjini, milki ikiwa wilayani, imla ikiwa korokoroni, zote chini ya bendera moja. Ripoti ya sera inayoandikwa kwa jina moja la nchi nzima itakuwa sahihi kwa wastani, na wastani hauishi mahali popote.

Kazi iliyoko mezani

Kiswahili kimekwisha kupitishwa kuwa lugha rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, kwa hiyo nyaraka zitatafsiriwa, iwe istilahi zimekubaliwa au la. Mfano ulio karibu ni Mkataba wa Afrika wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala wa mwaka 2007. Ibara yake ya 23 inataja njia tano za kuingia au kubaki madarakani kinyume cha katiba. Tatu za kwanza ni za silaha: jeshi, mamluki na waasi. Ya nne ni kukataa kukabidhi madaraka baada ya kushindwa uchaguzi. Ya tano, iliyoandikwa kwa tahadhari kubwa kuliko zote, ni kurekebisha katiba kwa namna inayovunja misingi ya kubadilishana uongozi kidemokrasia, yaani kosa la hatamu.

Mtafsiri anayetafuta neno fupi la kuzifunika zote tano atavutwa na mapinduzi. Neno hilo litazimeza tatu za kwanza bila taabu, litaikwama ya nne, na litaifuta kabisa ya tano, kwa sababu hakuna msomaji wa Kiswahili anayeona mapinduzi katika kura ya bunge. Zaidi ya hapo, waraka huohuo utasomwa Unguja, ambako Mapinduzi ni sikukuu ya tarehe 12 Januari na ni sehemu ya jina rasmi la serikali.